Kuku Mgeni Hakosi Kamba Mguuni

Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima, vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kigoma



Leo hatukuja kuzungumza habari ya ufugaji wa kuku kwa jumla. Hayo mmekwisha kuyasikia, na wengi wenu mmefuga kuku tangu utotoni. Tumekuja na jambo moja tu: namna ya kuingiza kuku wageni katika kundi la kuku ulilo nalo nyumbani.

Jambo hili linaonekana dogo. Mtu hununua kuku, hufika naye nyumbani, humwachia uani, basi. Lakini kundi zima la kuku laweza kwisha kwa sababu ya jambo hilo dogo. Na kundi likiisha, imekwisha chumvi, sabuni, madaftari ya watoto na nauli ya kwenda hospitali. Kwa hiyo tunaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Kamba ya wazee

Wahenga walisema: Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii tunaitumia kwa watu, kwamba mgeni hakosi dalili ya ugeni wake. Lakini kwanza ilitoka kwa kuku wenyewe, na leo tuichukue kama ilivyo.

Mnaijua ile kamba. Kuku akinunuliwa gulio la Mwandiga akaletwa Ujiji, akiachwa huru siku hiyo hiyo atapotea. Kwa hiyo hufungwa kamba mguuni, kamba ikafungwa kwenye mti au nguzo, siku mbili au tatu, mpaka apazoee mahali. Wazee walikuwa na akili. Walijua kwamba mgeni haachwi huru siku ya kwanza.

Sasa tuiulize ile kamba maswali mawili. La kwanza: kuku huyu amefungwa wapi? La pili: amefungwa kwa siku ngapi?

Katika nyumba nyingi majibu ni haya. Amefungwa uani, katikati ya kuku wenyeji. Na amefungwa kwa siku mbili au tatu tu. Hapo ndipo penye hatari. Anakunywa maji katika kigae kimoja na wenyeji. Anakohoa mbele yao. Wakimdonoa, hawezi kukimbia kwa sababu kamba inamshika. Kamba imemzuia asipotee, lakini haikuzuia ugonjwa wala ugomvi.

Sisi hatusemi kamba itupwe. Tunasema isogezwe mbali na wenyeji, na siku zake ziongezwe.

Nani ni mgeni?

Watu wa Ujiji wanajua habari ya wageni. Mji huu ulipokea misafara ya biashara kutoka pwani kabla ya reli kuwako. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapa hapa. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mpaka leo watu na mizigo hupita mwambao huu kila siku, na kuku nao husafiri pamoja nao. Huwekwa katika matenga, hupanda boti pale Kibirizi, hushuka katika vijiji vya ziwani. Wengine huletwa kwa baiskeli au kwa basi.

Basi, kuku mgeni ni yupi? Kila mtu atajibu haraka: ni yule aliyenunuliwa. Ni kweli, lakini wako na wengine.

Kuku wa zawadi kutoka kwa mkwe au ndugu ni mgeni. Jogoo wa kuazima ni mgeni. Kuku uliyepewa umfuge kwa kugawana vifaranga ni mgeni. Kuku uliyemnunua kwa ajili ya sikukuu, ukamweka siku chache kabla ya kumchinja, ni mgeni.

Tena yuko mmoja ambaye watu humsahau. Ni kuku wako mwenyewe uliyempeleka sokoni asubuhi, hakupata mnunuzi, ukarudi naye jioni. Utasema, "Huyu si mgeni, ni wa hapa hapa nyumbani." Hapana! Ameshinda kutwa nzima katika tenga na kuku kutoka nyumba kumi. Amerudi akiwa mgeni. Afadhali umuuze kwa bei ya chini kidogo, au umchinje mle, kuliko kumwachia kundini jioni ile.

Mgeni huja na nini?

Huja na utitiri, chawa na viroboto. Huweza kuja na mafua, na ndui ya kuku, na kuhara. Lakini adui mkubwa ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kwa Kiingereza ugonjwa huu una jina la mji wa Newcastle, Uingereza, kwa kuwa ulitambuliwa huko mwaka 1926. Mwaka huo huo ulionekana pia katika kisiwa cha Java, Indonesia.

Dalili zake mnazijua. Kuku hulegea mabawa, husinzia, huhema kwa shida, huhara kinyesi cha kijani. Wengine hupinda shingo au hupooza miguu. Kisha hufa, huyu leo, wawili kesho, na wengi kesho kutwa. Kundi ambalo halikuchanjwa laweza kwisha karibu lote. Dawa ya kuuponya haipo. Pilipili, majivu na majani ya mwarobaini hayauponyi mdondo.

Sasa sikilizeni jambo la maana kuliko yote tutakayosema leo. Kuku akiambukizwa mdondo haugui siku ile ile. Mara nyingi hukaa siku 5 au 6 ndipo dalili zionekane. Huweza kuwa siku 2, na huweza kufika siku 15. Katika siku hizo macho yake ni mazima, anakula, anaparura kama kawaida. Hata mnunuzi hodari atadanganyika.

Linganisheni hesabu hizo. Kamba hufunguliwa siku ya tatu. Ugonjwa huonekana siku ya sita. Yaani mgeni anaruhusiwa kuingia kundini kabla ugonjwa wake haujajitokeza. Ndiyo maana siku mbili tatu za kamba hazitoshi.

Tupige hesabu

Tuseme mama mmoja ana mitetea 8 na jogoo 1. Tuseme kila mtetea anataga mayai 12 katika mtago mmoja, na anataga mara 3 kwa mwaka. Mtetea mmoja atatoa 12 × 3 = mayai 36. Mitetea wote wanane watatoa 36 × 8 = mayai 288. Mengine yataanguliwa, mengine yataliwa, mengine yatauzwa.

Siku moja mama huyu amekuta sokoni mitetea wawili wa bei ya kutupa. Akafurahi. Hakujiuliza kwa nini ni wa bei ya kutupa. Huenda mwenyewe aliona kuku wawili wamekufa nyumbani, akakimbilia kuuza waliobaki. Mama akawaachia uani jioni ile.

Akipata bahati mbaya, baada ya majuma mawili hana mitetea 10. Hana hata 8. Ana banda tupu. Alitaka kuongeza wawili, amepoteza wote pamoja na mayai 288 ya mwaka mzima. Tena hawezi kuanza upya kesho, kwa maana ugonjwa umebaki katika kinyesi na vyombo.

Majuma matatu ya kutenga

Basi tufanyeje? Tumtenge mgeni kwa siku 21, yaani majuma matatu kamili. Siku 21 zinapita zile siku ambazo mdondo huweza kujificha. Utaratibu ni huu:

1. Tafuta mahali mbali na kuku wenyeji, kadiri nafasi inavyoruhusu. Tenga kubwa litafaa, au kibanda cha fito. Kama kiwanja ni kidogo, kama ilivyo kwa wengi mjini Ujiji, muweke katika chumba cha stoo, au kwa jirani asiyefuga kuku.

2. Mpe mgeni chombo chake cha maji na chombo chake cha chakula. Visichanganywe na vya wenyeji.

3. Kila siku hudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho. Ukitoka kwa wageni, nawa mikono kwa sabuni na safisha viatu au miguu. Ugonjwa hutembea kwa miguu yetu pia.

4. Mlishe vizuri. Pumba za mahindi, makombo ya ugali, majani mabichi na vumbi la dagaa vinatosha. Lakini dagaa wawe wale wasiotiwa chumvi. Chumvi nyingi huua kuku.

5. Mkague. Inua mabawa utazame utitiri na chawa. Tazama magamba ya miguu. Yakiwa yamesimama na kuota ukoko, kuna vijidudu ndani. Osha kwa sabuni kisha paka mafuta. Kwa utitiri na chawa, muulize bwana mifugo dawa ya unga inayofaa.

6. Kinyesi chake kifukiwe. Kisitupwe penye kuku wengine.

Siku hizo 21 mtazame kila asubuhi. Akiugua au akifa, usimuuze, usimgawe, wala usimtupe ziwani. Mfukie shimo refu au mchome moto, kisha mwarifu afisa mifugo wa kata. Utakuwa umepoteza kuku mmoja, na kundi lako limebaki.

Kwa yule kuku wa sikukuu, manyoya na matumbo yake yafukiwe pia. Mara ngapi tumeyatupa jalalani, kuku wetu wakaenda kuyaparura?

Chanjo kwa wenyeji, chanjo kwa wageni

Kumtenga mgeni ni mlango. Chanjo ndiyo kufuli yake. Siku hizi iko chanjo ya mdondo iitwayo I-2, nayo hutengenezwa hapa hapa Tanzania. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko chanjo za zamani, na kwa sababu hiyo inafaa vijijini ambako hakuna jokofu. Lakini kustahimili si kuanikwa juani! Ibebwe kivulini, imefungwa kitambaa chenye maji, na itumike kama mtaalamu alivyoeleza.

Chanjo hainyanyui kinga siku ile ile. Kwa hiyo wenyeji wachanjwe majuma mawili au zaidi kabla ya kuleta mgeni. Mgeni naye achanjwe akifika, kama ni mzima. Kumbukeni kwamba chanjo ni kinga, siyo dawa. Kuku aliyekwisha kuambukizwa haokolewi nayo.

Kutazamana kabla ya kuchanganyika

Majuma matatu yamekwisha, mgeni ni mzima. Sasa limebaki jambo la pili, nalo ni ugomvi.

Kuku wanajuana. Katika miaka ya 1920 mtaalamu mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliandika habari za kuku aliowachunguza kwa makini. Alionyesha kwamba kila kundi lina daraja zake. Wa kwanza huwadonoa wote, wa pili humdonoa wa tatu, na wa mwisho hudonolewa na kila mmoja. Zikishapangwa, kundi hutulia. Akiingia mgeni, mambo yote huanza upya. Wakigombana, si kwamba wana roho mbaya. Wanatafuta nani atakula kwanza.

Hatuwezi kuwazuia wasipange daraja zao. Tunaweza kuwasaidia wapange bila damu.

Siku ya 22 lilete tenga la mgeni karibu na wenyeji. Waonane, wasigusane. Waache hivyo juma moja. Wenyeji watakuja watazame, watawika, watapigapiga tenga kwa midomo, kisha watachoka. Siku ya 28, giza likiingia, mchukue mgeni taratibu umweke juu ya fito pamoja na wenyeji waliolala. Usiku kuku haoni vizuri, hapigani. Asubuhi fungua banda mapema sana. Ukichelewa watapigana ndani, na mgeni hana pa kukimbilia.

Asubuhi hiyo mwaga chakula mahali patatu, siyo mahali pamoja. Weka na maji mahali pawili. Mgeni akifukuzwa hapa, atakula pale. Kama unao uwezo, ingiza wageni wawili au watatu kwa pamoja, maana mgeni mmoja peke yake hubeba midomo yote. Kudonoana kwa siku chache ni kawaida. Lakini ukiona damu, mtoe aliyeumia upesi, kwa kuwa damu huwavuta wengine waendelee kumdonoa. Msafishe kwa maji yenye chumvi kidogo, arudi akipona. Kama mwenyeji mmoja ndiye mkorofi, mtoe yeye siku mbili tatu. Akirudi atajikuta mgeni kidogo, na ukali utapungua.

Msichanganye tembe mdogo na mitetea wakubwa. Angojee mpaka miili ilingane. Msimwingize mgeni penye koo mwenye vifaranga. Na kwa majogoo, ukileta mpya mtoe wa zamani kwanza. Jogoo mmoja anatosha mitetea kumi. Kubadili jogoo ni jambo jema, maana huzuia kuku wa damu moja kuzaana. Lakini huyo jogoo mpya naye akae siku zake 21 kama wengine. Ujogoo haumwondolei ugeni.

Maneno ya kupinga

Wako watakaosema, "Mbona wazee hawakuwatenga kuku, na tumekula mayai yao?" Ni kweli waliishi. Lakini ulizeni ni mara ngapi banda lilibaki tupu, watu wakasema ni kismati au ni kijicho cha jirani. Mwaka 1973 watu wengi nchini walikusanyika katika vikundi wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walijifunza kwamba magonjwa mengi ya binadamu yanatokana na vijidudu visivyoonekana kwa macho, wakachimba vyoo. Ya kuku ni hayo hayo.

Wengine watasema, "Mkwe wangu ameniletea kuku, nikimfungia mbali ataona nimemdharau." Hili ni neno zito, hatulipuuzi. Dawa yake ni kueleza mapema. Mwambie, "Baba, zawadi yako naipenda, ndiyo sababu namtunza peke yake kwanza." Na kijiji kizima kikizoea utaratibu huu, hakuna atakayeona dharau. Kwa binadamu tunasema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kuku asiyetengwa, mgeni huja, mwenyeji akafa.

Wengine tena watasema, "Mimi nitatenga, lakini kuku wa jirani wanaingia kwangu." Hapo mmesema kweli. Kuku wetu hawajui mpaka wa kiwanja. Mtu mmoja peke yake hawezi kujilinda. Lakini chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja. Kwa hiyo nyumba kumi au ishirini zichange, zimwite mchanjaji, kuku wote wa kitongoji wachanjwe siku moja. Kiangazi kisiwakute hamjachanja, kwa kuwa ndicho kipindi ambacho mdondo huvuma sana.

Kazi ya kalamu

Ninyi mmejifunza kusoma na kuandika. Itumieni kalamu hapa. Chukueni daftari, au hata mkaa na mlango wa banda. Tuseme mgeni amefika tarehe 1. Andikeni:

Tarehe 1: mgeni amefika, ametengwa, amechanjwa.
Tarehe 21: siku za kutengwa zimekwisha.
Tarehe 22: tenga liletwe karibu, watazamane.
Tarehe 28 usiku: achanganywe.
Mwezi wa nne tangu chanjo: chanjo nyingine.

Kichwa husahau, hasa wakati wa mvuvi kushinda dagaa na mkulima kupalilia. Maandishi hayasahau. Mtoto naye akija kufungua tenga siku ya tano, mama atamwonyesha tarehe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kitongoji chetu, kuku wageni huingia kwa njia zipi?
2. Mara ya mwisho kuku walipokufa wengi, ni nani alikuwa ameleta kuku siku za karibuni, na kutoka wapi?
3. Ni nyumba zipi ambazo hazina nafasi ya kutenga, na jirani gani anaweza kuzisaidia?
4. Nani atakwenda kwa afisa mifugo wa kata kuulizia chanjo, na lini?
5. Mtu akiona kuku wake wanaanza kuugua, kikundi kitamsaidiaje ili asilazimike kuwakimbizia sokoni?

Swali la tano msilipite haraka. Anayeuza kuku wagonjwa mara nyingi ni mtu mwenye shida, naye anaokoa alichoweza. Mkipata jibu la hilo, mtakuwa mmelinda kuku wa mwambao mzima.